Mvumo na Uvumi

Mtoto wa pwani hufundishwa mapema kutia sikio katika gamba la konokono mkubwa wa baharini na kusikiliza. Huambiwa kuwa bahari imo ndani. Naye husikia, maana mvumo upo kweli, na mvumo ule hufanana na wa mawimbi yaupigao mwamba usiku. Akikua akasoma elimu ya sauti, huarifiwa kwamba hamna bahari ndani ya gamba. Uwazi wake hupokea kelele ndogo ndogo za mahali alipo, kelele ambazo sikio limezizoea hata halizijali tena. Huzichagua zile zipatanazo na umbo lake, huzikuza, huzirudisha. Alichosikia ni gamba lenyewe likijibu. Je, bibi aliyesema kuwa bahari imo ndani alisema uongo? Swali hili ni dogo likiulizwa juu ya mtoto na gamba. Si dogo likiulizwa juu ya sanaa moja ya nyakati hizi, ambayo kazi yake yote ni kutia masikio ya watu katika vitu na kuwaambia kuna nini ndani.

Sanaa hiyo haichongi wala haichori kama zamani. Mtu huingia katika ukumbi wenye giza. Kuta zimekuwa picha ziendazo, sauti hutoka kila upande na pengine chini ya nyayo, hata mgeni hajui ulipo mwisho wa mwili wake na ulipo mwanzo wa kazi ya msanii. Wafanyao sanaa hii husema kwamba vitu tuviitavyo vimya havikunyamaza; kwamba chuma, jiwe, ukuta na hewa vina nguvu ndani yake ambazo jicho na sikio havikupewa uwezo wa kuzifikia. Dai lenyewe si geni. Mwaka 1787 Ernst Chladni, mtaalamu wa Kijerumani, alieleza jinsi alivyonyunyiza mchanga juu ya bamba na kulisugua ukingoni kwa upinde wa fidla. Mchanga ulikimbia palipotetema, ukakusanyika palipotulia, ukafanya nyota na mistari ya kupendeza ambayo hakuna mkono ulioichora. Mpiga ngoma apashaye ngozi moto kabla ya kuipiga, au mwanamke agongaye chungu kwa kidole sokoni asikie kama kina ufa, asingeshangaa sana. Wote wawili wajua kwamba kitu kina habari zake, na kikiguswa husema.

Walakini agongaye chungu ana njia ya kuhakikisha. Akidanganyika, maji yatavuja. Aingiaye katika ukumbi wa giza hana maji ya kujaribia. Huambiwa kuwa asikiacho ni sauti ya kitu fulani, naye hutoka akiamini au asiamini, kwa kadiri ya tabia yake. Hapo ndipo wajibu unapoanza, na wajibu huo haujapata kuzungumzwa vya kutosha.

Kazi moja yastahili kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 2005 Jacob Kirkegaard, msanii wa Denmark, aliingia katika eneo lililokatazwa kukaliwa huko Chernobyl, nchini Ukraine. Mtambo wa 4 wa kituo cha umeme cha mahali hapo ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986, na kesho yake watu wapatao 49,000 wa mji wa Pripyat waliondolewa kwa mabasi, wakidhani watarudi baada ya siku chache. Hawakurudi. Kirkegaard alichagua vyumba vinne ambavyo zamani vilikuwa vya makutano: kanisa, ukumbi wa mikutano, bwawa la kuogelea lililojengewa ndani, na chumba cha mazoezi ya viungo. Katika kila chumba aliweka kinasa sauti na kipaza sauti, akatoka nje. Dakika 10 za ukimya zikanaswa. Kisha aliurudisha ukimya ule chumbani kwa njia ya kipaza sauti, akaunasa tena. Akarudia hivyo, ukimya juu ya ukimya, mpaka mara kumi. Kilichopatikana mwishoni hakikuwa ukimya. Kilikuwa mvumo mzito, na kila chumba kilikuwa na wake. Wa kanisa haukufanana na wa bwawa. Kazi hiyo ilitolewa mwaka 2006 kwa jina la 4 Rooms, pamoja na nyingine ya picha na sauti iitwayo AION, neno la Kiyunani lenye maana ya umri au milele, ambamo vyumba hivyo huonekana vikibadilika polepole mbele ya mtazamaji asiye na pa kwenda. AION ilionyeshwa New York mwaka 2013 katika jumba la Museum of Modern Art.

Njia yenyewe ilikuwa na mwanzilishi. Mwaka 1969 Alvin Lucier wa Marekani alitunga kazi ambamo mtu hukaa chumbani, husoma maneno machache, huyanasa, huyarudisha chumbani na kuyanasa tena, mpaka maneno yayeyuke yote na kubaki sauti ya chumba peke yake. Lucier alikuwa na kigugumizi, na maneno aliyosoma yalikitaja. Chumba kilimeza kigugumizi pamoja na maneno. Ni kazi ya unyenyekevu mkubwa, na pengine ya maumivu pia. Tofauti ya Kirkegaard ni kuwa yeye hakuweka neno lo lote mwanzoni. Aliondoka, akaacha vyumba vijisemee.

Sasa msikilizaji ni mwepesi kuamini kwamba katika mvumo ule anasikia mionzi. Jina la mahali humsukuma kuamini hivyo, na giza la ukumbi humsaidia. Lakini hasikii mionzi. Mionzi ya vumbi la Chernobyl haitikisi hewa kwa namna ambayo kinasa sauti cha kawaida kingeweza kuipokea. Asikiacho ni urefu, upana na kimo cha chumba, na ugumu wa kuta zake. Ni jambo lile lile la gamba la konokono. Chumba cha kipimo hicho hicho, chenye kuta hizo hizo, katika mji wenye afya na kelele za watoto nje, kikisubiriwa kiwe kitupu usiku na kufanyiwa vivyo hivyo, kingevuma karibu sawa. Nguvu iliyofichika mahali pale, ile iliyowafukuza wakazi wake, haimo katika sauti hata chembe.

Kiswahili kina neno moja lenye pande mbili ambalo lafaa hapa. Upepo huvuma, ngoma huvuma, nyuki huvuma. Na habari pia huvuma. Mlio wa kitu kivumacho ni mvumo, na uvumi ni mlio huo huo, tena ni habari isiyo na mwenyewe, ipitayo kinywa hata kinywa bila mtu wa kuithibitisha. Walioipa lugha neno hili walijua walichokifanya. Mvumo usiojulikana asili yake hauko mbali na uvumi, na msikilizaji wa ukumbi wa giza huweza kuingia kusikia huu akatoka na ule.

Je, basi 4 Rooms ni ulaghai? Hukumu hiyo ingekuwa ya haraka. Msanii hakudai kuwa kinasa sauti chake kilipima mionzi. Alieleza wazi alivyofanya. Na kuna kweli moja katika kazi yake ambayo kipimo cha mionzi hakiwezi kuisema. Mvumo wa vyumba vile uliwezekana kwa sababu hapakuwa na mtu. Lau kanisani kungalikuwa na mzee mmoja akikohoa, au katika bwawa mtoto mmoja akipiga maji, mvumo usingalipatikana. Msanii mwenyewe ilimpasa atoke. Basi kisikiwacho ni kutokuwapo kwa watu kulikokuzwa mara kumi. Hiyo ni habari ya kweli juu ya Chernobyl, ingawa siyo ile ambayo wasikilizaji wengi wangependa waambiwe wameisikia.

Wako wengine ambao wamekwenda mbali zaidi, huku na huku. Christina Kubisch wa Ujerumani, tangu mwaka 2004, huwapa watu vipokea sauti vya masikioni vyenye nyuzi za shaba zilizosokotwa ndani, awatume watembee mjini. Nyuzi hizo hushika nguvu za umeme na sumaku zinazotoka katika vitu vya kila siku, mashine za benki, tramu, taa, milango ya maduka ya kuzuia wezi, na kuzigeuza sauti. Hapa hapana uongo wa kutafutwa. Kila mlio una chanzo chake, na mtembezi akisogea mlio hubadilika. Anaweza kurudi nyuma akahakikisha kama mnunuzi wa chungu.

Upande wa pili wako Ruth Jarman na Joe Gerhardt wa Uingereza, wajiitao Semiconductor. Mwaka 2007 walitengeneza filamu fupi, Magnetic Movie, katika maabara ya elimu ya anga ya Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Ndani yake wataalamu husikika wakieleza habari za sumaku kwa furaha kama ya watoto, na katika vyumba vyao vya kazi, juu ya meza na kati ya mashine, huonekana nyuzi za rangi zikipinda, zikirukaruka, zikitafutana. Nyuzi zile zimechorwa kwa kompyuta. Miendo yake iliongozwa na sauti zilizonaswa za nguvu za sumaku. Lakini picha imefanywa kwa ustadi hata asiyeonywa huweza kudhani kwamba kamera imeona. Hakuna kamera iliyoona. Nguvu za sumaku hazina rangi, wala hazirukiruki mezani namna ile.

Mtu wa sayansi atajibu kwamba kila kipimo ni tafsiri. Kipimo cha Geiger hulia tik-tik mbele ya kitu chenye mionzi, ilhali mionzi haina tik-tik. Mlio huo ulitiwa na mtengenezaji, kwa sababu sikio la mtu ni jepesi kuliko jicho lake. Jawabu hili ni sahihi, ila halimalizi neno. Tafsiri ya Geiger ina mapatano: mlio mmoja kwa tukio moja, na atakaye aweza kuhesabu. Tafsiri ya Magnetic Movie haina mapatano hayo na mtazamaji. Hawezi kuanza kwenye rangi akarejea kwenye sumaku kwa njia ile ile. Baina ya tafsiri na ngano pana mpaka, na mpaka huo ni uwezekano wa kurudi.

Kufikia hapa mtu angeweza kutoa hukumu rahisi: kwamba Kubisch ni mkweli, Semiconductor ni waongo wa kupendeza, na Kirkegaard yuko kati. Hukumu hiyo huvunjika mbele ya jambo lililotokea Brazili, ambalo halikuwa sanaa kamwe.

Septemba 1987, katika mji wa Goiânia, watu wawili waliingia katika jengo la kliniki iliyohamwa, wakachukua sehemu ya mashine ya kutibia saratani, wakidhani ni chuma chakavu chenye bei. Ndani yake mlikuwa na kasha dogo la chumvi ya sesiamu 137. Waliliuza kwa mwenye kiwanja cha vyuma chakavu. Usiku mtu huyo aliona nuru ya buluu ikitoka katika kitu alichonunua. Nuru ilimvutia, alidhani ni mali ya thamani, huenda ikawa na uwezo usio wa kawaida. Aliwaita jamaa na majirani waje kutazama. Siku zilipita, watu wakija na kustaajabu. Wengine walipewa chembe kama punje za mchele waende nazo kwao. Wengine walijipaka unga wake mwilini, kama wajipakavyo watu siku ya sherehe. Mtoto wa kike wa miaka 6 aliuchezea, akala chakula kwa mikono ile ile. Mwanamke wa nyumba ya mwenye kiwanja ndiye aliyetambua kuwa maradhi yaliyoanza kuwapata watu yametoka katika kitu kile. Alikipeleka kwenye idara ya afya kwa basi. Watu 4 walikufa, na yeye na mtoto yule walikuwamo. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 wakaonekana wameingiwa au kupakwa na sumu hiyo.

Jambo hili lafaa kutafakariwa na kila mwenye kusema kwamba yatosha kuufanya mwili usikie na jicho lione. Katika kiwanja kile palikuwa na kila kitu ambacho msanii wa ukumbi wa giza hukitafuta kwa gharama kubwa: giza, mada yenye nguvu iliyofichika, watu waliokusanyika kwa mshangao, na nuru ambayo haikuchorwa na mtu. Nuru ile ilikuwa kweli tupu. Ilitoka katika kitu chenyewe. Nayo iliwaongoza watazamaji kwenye uongo, kuwa kile ni kito. Kwa upande mwingine, nyuzi za Magnetic Movie ni za kuchorwa, na mtazamaji aliyeonywa huondoka na kweli, kwamba hewa aliyosimama ndani yake si tupu. Kuhisi si kujua. Kitu kikijionyesha chenyewe, bado hakijajieleza.

Kilichokosekana Goiânia kilikuwa neno. Kasha lilipotoka katika kliniki lilitoka bila mtu ajuaye kulieleza, na waliolipokea hawakuwa wapumbavu; walikuwa watu waliopewa onyesho bila maelezo. Kwa hiyo ile desturi ya baadhi ya wasanii na wahakiki ya kudharau kibandiko cha ukutani, wakisema kuwa kazi njema hujitosheleza na maelezo ni mkongojo wa kazi mbovu, haina budi kupimwa upya. Neno lao lina heshima yake mahali pake. Mlango wa nakshi wa Lamu au Unguja hauhitaji kibandiko. Mpita njia huugusa, huona jasho la fundi, hupima kwa macho aliyozaliwa nayo. Lakini kazi ikidai kufichua lisilofikiwa na hisi yo yote, mtazamaji hana cha kupimia isipokuwa neno la aliyefichua. Kibandiko hapo ni kiungo cha kazi. Ondoa jina la Chernobyl katika 4 Rooms, na kitakachobaki ni mvumo wa kumlaza mtu usingizi.

Susan Schuppli wa Canada alielewa hivi katika Trace Evidence ya mwaka 2016, kazi ya video yenye sehemu tatu. Sehemu moja ni ya Oklo, nchini Gabon. Mwaka 1972 Wafaransa waliokuwa wakipima urani ya huko waliona upungufu mdogo mno: aina ya 235 ilikuwa asilimia 0.7171 mahali pa 0.7202. Kutokana na upungufu huo ilijulikana kwamba miaka karibu bilioni 2 iliyopita miamba ya Oklo ilikuwa imewaka yenyewe kama mtambo wa atomu, bila mtu. Hapana mvumo uwezao kusimulia jambo hilo. Husimuliwa kwa tarakimu na kwa vinywa vya watu, na ajabu yake haipungui.

Ila maneno nayo huficha. Urani nyingi ya bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya machimbo na ya masoko. Machimbo hayo yalianza kazi mwaka 1921 chini ya kampuni ya Union Minière, kwanza kwa ajili ya radiamu iliyosafishwa Ubelgiji. Kisha urani ikatakiwa, na wakati wa vita jina la mahali ilikotoka lilifichwa kwa makusudi. Wachimbaji Waafrika waliligusa jiwe lile kwa mikono. Hapo pana mapazia mawili. Moja ni la maumbile, lile ambalo Kirkegaard na wenzake hujaribu kulisogeza, na hakuna wa kulaumiwa kwa kuwapo kwake. La pili lilishonwa na watu, na wanaolijua jina la Marie Curie ni wengi mara elfu kuliko wanaolijua jina la mchimbaji mmoja wa Shinkolobwe. Msanii aliyepata fedha, mashine na giza la kutosha kufunua la kwanza, naye akaliacha la pili kama alivyolikuta, huenda amefanya kazi nzuri. Lakini hawezi kusema kwamba amefichua nguvu iliyomo katika jiwe. Nguvu ya jiwe lile haikuwa ya atomu peke yake. Ilikuwa pia ya migongo iliyolitoa chini.

Atajibu mtu kuwa hilo ni deni la mwanahistoria. Huenda. Lakini mwanahistoria hakuahidi kumzamisha mtu ndani ya kitu mpaka akisikie kwa mwili wote. Aliyeahidi ni msanii.

Madini ya Shinkolobwe yangali yanapendwa. Baadhi yake ni sindano ndogo za rangi ya manjano na kijani, nzuri sana, na aina moja, iliyotambuliwa kwanza katika machimbo hayo, ilipewa jina la ukoo wa kuzaliwa wa Marie Curie, Skłodowska. Vipande vyake hutunzwa na majumba ya makumbusho na matajiri wakusanyao mawe, na kila kipande huwa na kibandiko chake. Kibandiko huandikwa jina la madini, jina la machimbo, mkoa na nchi.